Saladi ya Viazi ya Warusi

Ndugu msomaji, hebu fikiri kidogo. Ni usiku wa tarehe 31 Desemba, katika mji wa Moscow, nchi ya Urusi. Nje ni theluji tupu. Maji ya mtoni yameganda, watu wanatembea juu yake. Ndani ya nyumba jamaa wamekusanyika: babu, bibi, watoto, wajukuu na majirani. Wanangoja saa sita ya usiku ili waupokee mwaka mpya. Na pale katikati ya meza lipo bakuli kubwa la saladi ya viazi. Bila bakuli lile, Mrusi hawezi kusema kuwa sikukuu imefika. Ni kama sisi na pilau.

Saladi hiyo huitwa Olivier. Huandikwa hivyo, lakini husomwa "olivye". Leo tutajifunza ilitoka wapi, na jinsi ya kuitengeneza nyumbani kwa ajili ya wageni. Tutajifunza pia jambo moja la hatari, maana chakula hiki kikikaa vibaya kinaweza kuwalaza wageni wako wote.

Viazi vilivyokataliwa

Tunazungumza juu ya viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya, na watu wa Unguja na Pemba huviita mbatata. Asili yake si Ulaya hata kidogo. Vilitoka katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Wazungu walivikuta kule wakavipeleka kwao.

Mtu angedhani Warusi walivipokea kwa furaha. Hapana! Mwaka 1840 serikali ya mfalme wao, Nikolai wa Kwanza, ilitoa amri kwamba wakulima waliokuwa chini ya serikali walime viazi katika mashamba ya jumuiya. Wakulima walikataa. Hawakuulizwa, hawakufundishwa, waliletewa amri tu. Wengine waliviita matunda ya shetani. Kati ya mwaka 1840 na 1844 palitokea ghasia kubwa upande wa Volga na Urali, askari wakatumwa, na watu wakaadhibiwa vikali.

Sisi hatuwacheki wakulima wale. Mtu akiletewa zao asilolijua, kwa nguvu, bila maelezo, atakataa. Hata hofu yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa vile vitunda vya kijani vinavyoota juu ya mmea wa kiazi vina sumu kweli. Kiazi chenyewe nacho kikipigwa na jua kikageuka kijani, huwa na sumu. Basi weka viazi vyako gizani, na kilichogeuka kijani usikipike.

Miaka ikapita, watu wakazoea. Leo viazi ndivyo ugali wa Mrusi.

Mpishi aliyeficha siri

Katika miaka ya 1860 palikuwa na mkahawa mkubwa Moscow, jina lake Hermitage. Walikula humo matajiri. Mpishi wake aliitwa Lucien Olivier, naye ndiye aliyebuni saladi hii. Yake haikuwa ya viazi na karoti tu. Inasemwa alitia nyama ya ndege wa porini, ulimi wa ndama, na kamba wa mtoni. Juu akamwagia mchuzi wake mzito, na namna ya kuuchanganya hakumwambia mtu. Akafa mwaka 1883, siri yake akaenda nayo kaburini.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 mkahawa ule ukafungwa. Ndege wa porini na kamba havikuwa tena vitu vya kupatikana kila siku. Lakini watu hawakuiacha saladi, waliibadilisha. Mahali pa ndege wakatia soseji au kuku, na mahali pa kamba wakatia karoti, ambayo nayo ina rangi nyekundu nyekundu. Wakaongeza njegere za kopo. Mwaka 1936 viwanda vya Umoja wa Kisovieti vilianza kutengeneza mayonezi, ule mchuzi mweupe mzito wa mafuta, mayai na siki. Tangu hapo chakula cha matajiri wachache kikaingia nyumba za wafanyakazi na wakulima.

Je, kwa nini huliwa hasa Mwaka Mpya? Kwanza, tangu mwaka 1948 tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya mapumziko kwa wote. Pili, tazama vilivyomo: viazi, karoti, vitunguu, matango yaliyotiwa katika maji ya chumvi, njegere za kopo. Hivyo vyote hukaa ghalani muda mrefu. Huko Januari hakuna nyanya shambani wala mchicha, kuna theluji tu. Ni chakula cha watu waliojiwekea akiba. Enzi za Kisovieti njegere na mayonezi ziliadimika dukani, kwa hiyo mama wa nyumba akikuta kopo mwezi Novemba alilinunua akalificha kabatini. Ole wake mtoto atakayeligusa kabla ya sikukuu!

Vitu vinavyotakiwa

Kwa watu 8 tafuta viazi 5 vya kadiri, karoti 3, mayai 5, nyama iliyochemshwa au soseji nusu kilo kasoro, matango ya chumvi 4, kitunguu kimoja kidogo, njegere kikombe kimoja, na mayonezi kikombe kimoja kisichojaa. Chumvi onja mwenyewe, kwa sababu matango tayari yana chumvi.

Warusi wengi hutumia soseji laini isiyo na mafuta mengi. Kama una wageni Waislamu, usibahatishe, maana soseji nyingine zina nyama ya nguruwe. Tumia kuku. Kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa vizuri anafaa sana, na kwa maoni yetu ni mtamu kuliko soseji. Warusi wenyewe hutengeneza ya kuku. Hata Iran wanayo saladi hii, na wao huweka kuku.

Matango ya chumvi ndiyo yanayowashinda watu. Usitie tango bichi, maana litatoa maji na saladi itakuwa uji. Tango la chumvi unaweza kulitengeneza mwenyewe. Chukua matango madogo magumu, yaoshe, yapange katika chupa safi ya mdomo mpana pamoja na vitunguu saumu. Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi gramu 50 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa vilivyojaa, acha yapoe, kisha mimina mpaka matango yazame kabisa. Weka kijiwe safi juu yake yasielee. Funika kwa kitambaa. Penye joto, baada ya siku 3 hadi 5 maji yatakuwa na ukungu mweupe kidogo na harufu ya uchachu mzuri. Hapo tayari. Ukiona yanateleza kama bamia, au yananuka uozo, mwaga yote. Usiyaonee huruma.

Kupika na kukata

Osha viazi na karoti, usimenye. Tia katika sufuria na maji baridi, bandika motoni. Ganda huzuia maji yasiingie ndani ya kiazi. Yakishachemka, ngoja dakika 20 hadi 30, kisha choma kiazi kwa ncha ya kisu. Kisu kikipita bila kusukuma sana, epua. Usingoje kipasuke, kwa kuwa hatutengenezi viazi vya kuponda. Mayai chemsha dakika 10 mpaka kiini kikauke.

Sasa ngoja vipoe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa haraka tu. Kiazi cha moto hukatika vibaya, hushikana na kisu, na mayonezi ikikutana na moto huachana, mafuta huku na maji kule. Wenye busara huchemsha asubuhi, hukata alasiri.

Vikishapoa, menya, kisha kata kila kitu vipande vidogo, sawa na punje ya njegere. Ndiyo kipimo chao: njegere imo bakulini, basi viwe ndugu zake. Mtu akichota kijiko kimoja apate kila kitu. Kitunguu kikatwe kidogo zaidi. Matango ukishayakata yakamue kidogo kwa mkono.

Mwenzetu mmoja alisoma Moscow miaka ya 1980. Alitusimulia kwamba sikukuu ya kwanza alialikwa na rafiki yake nyumbani kwao. Kufika tu, bibi wa nyumba akampa kibao na kisu. Mwenzetu akashtuka, kwao mgeni hapewi kisu! Lakini kule kukata ni kazi ya wote, baba, mjomba, mgeni, kila mtu na kibao chake, huku wakizungumza habari za mwaka mzima. Bibi yule aliona vipande vyake ni vikubwa mno. Akamrudishia, akate upya. "Pale ndipo nilipojua wamenipokea," anasema, "maana mgeni hasahihishwi."

Nasi tunauliza: kwa nini mama peke yake abaki jikoni na viazi vya watu 30, na wanaume wako nje wanangoja sahani? Kukata kiazi hakuhitaji cheti.

Kuchanganya, na hatari yake

Tia vyote katika bakuli kubwa, geuza polepole kwa mwiko, usiponde. Mayonezi tia mwisho kabisa, karibu na saa ya kula.

Mwenzetu huyo aliporudi nyumbani alitaka kuwaonyesha jamaa chakula alichojifunza. Ilikuwa sherehe ya ubatizo. Akachanganya saladi yote usiku, na mayonezi humo, akaifunika vizuri, akaiacha mezani mpaka mchana wa pili. Hapakuwa na friji. Wageni walikula wakasifu. Jioni watu zaidi ya kumi walishikwa na tumbo la kuendesha, na mtoto mmoja ilibidi abebwe kwa baiskeli mpaka zahanati kutiwa maji. Mtoto alipona. Mwenzetu hakupika saladi tena kwa miaka mingi.

Alifanya kosa gani? Alifanya vilevile kama bibi wa Moscow. Bibi naye huchanganya mapema. Lakini bibi huliweka bakuli nje kwenye baridi, na nje kule ni friji ya bure! Kwetu joto ni shamba la vijidudu. Kiazi kilichopikwa, yai, nyama na maji maji ya mchuzi ni chakula chao wanachokipenda. Huzaana haraka, wala huwaoni, na mara nyingi chakula hakibadiliki harufu wala ladha.

Basi shika haya. Kama huna friji, kata vitu, kisha changanya kiasi kitakacholiwa pale pale. Saladi isikae mezani zaidi ya saa 2. Jua likiwa kali sana, ihesabie saa 1. Kilichobaki baada ya hapo usikiweke cha kesho. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kukata, na kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisitumike kukatia viazi vilivyoiva mpaka kioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Mayonezi ya kujitengenezea kwa mayai mabichi tunaikataa, maana yai bichi laweza kuwa na vijidudu. Kama dukani hakuna, chukua viini vitatu vya mayai yaliyochemshwa yakawa magumu, viponde na kijiko kidogo cha haradali na chumvi kidogo. Kisha tia mafuta ya alizeti kidogo kidogo, karibu nusu kikombe, huku unakoroga upande mmoja. Malizia kwa maji ya limau. Haitakuwa nyeupe kama ya kopo, lakini inashika viazi vizuri. Mafuta ya alizeti ndiyo hasa ya Warusi, kwa hiyo watu wa Singida na Dodoma hapo hawana pa kuhangaika.

Na kama shughuli ni ya siku nzima, juani, bila friji, sisi tungewashauri muache mayonezi kabisa. Warusi wanayo saladi nyingine iitwayo vinegreti: viazi, karoti, matango ya chumvi, vitunguu, na bitiruti nyekundu iliyochemshwa. Hutiwa mafuta ya alizeti tu. Haina nyama wala yai, huliwa hata siku za mfungo. Ni ya gharama ndogo, tena rangi yake ni ya sherehe. Hiyo nayo isilale, lakini hofu yake ni ndogo kuliko ile ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza

Katika kikundi chenu cha kisomo, someni tena sehemu ya mwisho, kisha mjibizane. Kwa nini bibi wa Moscow anaweza kuchanganya saladi mapema, na wewe huwezi? Wakulima wa Urusi walikataa viazi mwaka 1840: je, kijijini kwenu zao gani lilikataliwa kwanza, nalo leo mnalila? Ikiwa viazi 5 vinatosha watu 8, wageni 24 watahitaji viazi vingapi, karoti ngapi, na mayai mangapi? Andikeni hesabu katika daftari, halafu mkaulize bei sokoni.