Siri ya Mazungumzo

Katika darsa letu hapa Nyeri limeulizwa swali: je, yafaa serikali ifungue maneno ya siri ya simu ili iwashike wachochezi?

Mchochezi akitangaza fitina hadharani, na ashitakiwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, haikumpa uhuru huo. Ama mazungumzo ya faragha, kifungu cha 31 chayalinda, na Suratul Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Tena ufunguo wa maneno hayo umo katika simu za wenyewe tu. Ukichongwa mwingine kwa ajili ya askari, mwizi naye aweza kuupata. Wazee walioiona Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wajua mji ukoje watu wakiogopana.

Husimuliwa kuwa Sayyidna Umar aliparamia ukuta usiku, akamkuta mtu katika maasia. Mtu yule akamjibu kwamba yeye ameasi mara moja, na Khalifa mara tatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha, akaenda zake.