NDUMAKUWILI NA FUVU LAKE

Mkulima anapolima, pengine jembe lake humfukua mnyama mwembamba asiye na miguu, mfano wa nyungunyungu mkubwa. Mkia wake ni butu kama kichwa, hata watu wakadhani ana vichwa viwili, wakamwita ndumakuwili. Na mtu mnafiki huitwa kwa jina hilo hilo. Wengi humwua kwa hofu. Lakini yeye si nyoka, ni wa ukoo wa mijusi. Hana sumu, wala hana kichwa cha pili. Chakula chake ni mchwa na wadudu wengine wa udongoni.

Kichwa chake ndicho jembe lake. Nyoka amezaye panya, mifupa ya taya zake imelegea, apate kupanua kinywa. Fuvu la ndumakuwili si hivyo: mifupa yake imeshikamana sana, nayo imeuzunguka ubongo kama sanduku gumu. Kwa fuvu hilo husukuma udongo na kuushindilia, mpaka njia ipatikane. Kinywa chake kiko chini, nyuma ya pua, ili mchanga usiingie. Mbele ya taya la juu, katikati, mna jino moja, nalo huingia kati ya meno mawili ya chini. Ndivyo anavyoumata wadudu. Macho yake yamefunikwa na ngozi, wala hana tundu la sikio. Hata hivyo huusikia mtikisiko wa wadudu ardhini.

Basi jembe likimfukua, afunikwe udongo, aende zake.

Maswali
1. Kwa nini fuvu la ndumakuwili ni gumu?
2. Je, jina lake ni la haki?