Baiskeli au gari: barabara ni ya nani?

Majuzi nililetewa fundi wa uashi mwenye umri wa miaka 34. Alfajiri alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, katika barabara isiyo na nafasi yoyote ya baiskeli, matatu ilipougusa usukani wake kwa kioo cha kando. Akaanguka na kugonga kichwa kwenye ukingo wa saruji. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake kazini. Jioni akaanza kutapika. Mkewe alidhani ni chakula cha kibandani. Usiku huo alipasuliwa ili kuondoa damu iliyokuwa imevilia ndani ya fuvu. Amepona, lakini mkono wake wa kulia haujarudi sawasawa, nawe waelewa fundi hutumia mkono gani kushika mwiko.

Nakueleza haya kwa sababu ubishi kuhusu njia za baiskeli hapa Nairobi hauishi. Wenye magari husema nafasi za kuegesha zinaliwa bure, na kwamba baiskeli zenyewe ni chache. Nami nina gari, na nikiwa kwenye msongamano nimewahi kusema hivyo hivyo. Lakini hoja hiyo ina kasoro. Huwezi kuhesabu wanaovuka mto kwa kuogelea, kisha ukasema daraja halihitajiki! Wengi wangependa kuendesha baiskeli ila wanaogopa, na wana haki ya kuogopa.

Sera ya jiji ya mwaka wa 2015 ilitaka angalau asilimia 20 ya pesa za kujenga barabara zitumike kwa waendao kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Njia kadhaa zilijengwa katikati ya jiji kuanzia 2020, Barabara ya Muindi Mbingu ikiwa mojawapo. Hata hivyo, nje ya hapo mwendeshaji aghalabu hukuta njia imekatika ghafla, au imejaa bodaboda na magari yaliyoegeshwa.

Kwa nini mimi daktari nijiingize katika mambo ya wahandisi? Kwanza ni mwendo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile linalokwenda kilomita 30, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Hakuna fuvu lililoumbwa kustahimili hayo. Hapa nchini zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani kila mwaka tangu 2021, na kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu, ambao njia hizo hizo zingewafaa pia.

Pili ni maradhi ya kukaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Dakika 25 za baiskeli kwenda kazini na 25 kurudi, siku tatu kwa wiki, zinatosha kabisa. Wagonjwa wangu wengi wa kisukari na shinikizo la damu huketi garini saa mbili kila siku wakivuta moshi wa lori lililo mbele yao, kisha huniambia hawana wakati wa mazoezi.

Waendeshaji baiskeli nao wana makosa yao. Wengine hupita upande usio wao, usiku, bila taa. Vaa helmeti iliyofungwa kidevuni, na usijipenyeze kamwe kushoto kwa lori linalokata kona kushoto, kwa maana dereva hakuoni.

Na mtu akigonga kichwa, usidanganyike kwa kuwa ameinuka na anazungumza. Mchunguze kwa saa 24, wala asilale peke yake. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata kifafa, akilalamika kuwa kichwa kinazidi kuuma, mkono au mguu ukilegea, au maji yasiyo na rangi yakimtoka puani au sikioni, usingoje asubuhi. Usimpe pombe wala aspirini. Mpeleke moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, na umweleze daktari saa aliyoanguka.