Shaba na Alumini: Ndoa Ngumu

Somo hili nililipata kwa gharama. Likizo ya Agosti nilisokota waya wa shaba na wa alumini ili kurudisha stima kwenye mashine ya mama ya kusaga mahindi, hapa Kabuchai. Siku ya tatu kiungo kikaungua. Mashine ikanyamaza, na karo yangu ikanyamaza nayo.

Kwani kosa lilikuwa wapi? Kwanza, alumini hujivika utando mgumu unaozuia umeme. Pili, ikipata joto hutanuka kuliko shaba, hivyo kiungo hulegea. Kikilegea huzidi kupata moto.

Basi mbona tusizichomelee tu? Hapo kuna kazi! Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba 1085. Fundi wa jua kali pale Chwele akingoja shaba iyeyuke, alumini imeshamwagika kama uji. Tena zikichanganyika sana, kiungo huvunjika kama kigae.

Viwanda vya betri za magari ya umeme hutumia leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga wenye nguvu. Huyeyusha sehemu ndogo kwa muda mfupi mno, hata metali hizo zisipate nafasi ya kuchanganyika kupita kiasi.

Sisi hatuna leza. Lakini kuna kiunganishi maalum, upande mmoja shaba, wa pili alumini. Fundi wa stima alitufungia hicho, na mashine inanguruma. Mwenzangu, usisokote. Mwite fundi.