SIFA AU KIELEZI? SOMO NILILOPATA KWA NYANYA

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, naomba nafasi kidogo nieleze kosa moja la Kiingereza ambalo sisi tukaao kati ya Busia na Tororo hulifanya mara nyingi. Mimi nililifanya mbele ya daktari, na nusura limponze nyanya yangu.

Nyanya anakaa Busia, upande wa Kenya. Likizo moja aliugua homa, nami nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili wala Kisamia, basi nikawa mkalimani. Aliponiuliza habari za mgonjwa nilijibu kwa fahari, "She looks badly." Daktari akachukua tochi, akammulika nyanya machoni, kisha akamwonyesha vidole avihesabu. Nyanya akanigeukia, akasema, "Mjukuu wangu, umemwambia nini huyu? Macho yangu ni mazima. Mwili ndio unaoniuma." Nikaona haya. Nikasema upya, "She looks ill. She feels very weak." Hapo ndipo alipopimwa damu, akakutwa na malaria, akapewa dawa.

Kosa langu lilitoka wapi? Lilitoka katika tafsiri. Kiswahili husema "anajisikia vibaya" na "samaki ananuka vibaya". Neno "vibaya" hapo ni kielezi, nasi tukitafsiri neno kwa neno tunaandika "badly". Kiingereza hakiendi hivyo. Vitenzi "seem", "look", "sound", "smell", "taste" na "feel", vinapoeleza jinsi mtu au kitu kilivyo, hufuatwa na sifa, wala si kielezi. Ukisema "The fish smells bad", kila mtu sokoni atajua kwamba samaki ameoza. Ukisema "The fish smells badly", Mwingereza atacheka, kwa maana umesema kwamba pua ya samaki haifanyi kazi vizuri!

Hata hivyo, Kiswahili chetu hutusaidia pia. Twasema "anaonekana mgonjwa", "anaonekana mchovu". Maneno "mgonjwa" na "mchovu" yanamweleza mtu mwenyewe. Hapo tumepatana na Waingereza.

Lakini jihadharini. Baadhi ya vitenzi hivi vina kazi mbili. Tazameni sentensi hizi za mpakani:

1. The officer looked angry. (Uso wake ulikuwa wa hasira.)
2. The officer looked angrily at the driver. (Alimtazama dereva kwa hasira.)
3. The bus appeared full. (Basi lilionekana limejaa.)
4. The bus appeared suddenly. (Basi lilitokea ghafula.)

Katika ya kwanza na ya tatu hakuna kitendo, ni hali tu. Katika ya pili afisa anatenda, anatazama. Na katika ya nne basi linatokea. Kitendo hutaka kielezi.

Njia ya kujipima ni hii. Ondoa kitenzi chako, weka "is" au "was" mahali pake. "The officer was angry" ina maana ile ile, basi tumia sifa. "The officer was angrily at the driver" haina maana, basi tumia kielezi.

Jaribuni wenyewe: "The tea tastes sweet" au "sweetly"? "She tasted the soup careful" au "carefully"? Chai ni tamu, basi "sweet". Mwonjaji anatenda, basi "carefully".

Neno moja la mwisho ni "well". Kwa kawaida ni kielezi, lakini likiwa na maana ya kuwa na afya huwa sifa. Nyanya amepona kabisa, na kila nikirudi likizo huniuliza, "Haya, mkalimani, leo naonekanaje?" Nami humjibu bila kosa, "You look well, Nyanya."