Kulipua TNT Chini ya Maji Katika Minecraft

Ukiwasha TNT kwenye sakafu ya bahari ndani ya Minecraft, mshindo utausikia na samaki waliokuwa karibu watakufa, lakini mwamba utabaki vilevile. Ni kinyume cha baruti ya wavuvi haramu, ambayo huyasambaratisha matumbawe. Wachezaji wengi hudhani dawa yake ni kurundika TNT zaidi. Hasara tupu: kila moja inakula baruti 5 na mchanga 4, na baruti yenyewe unaipata kwa kupambana na kripa.

Tatizo si nguvu. Mchezo umeipa kila bloku kipimo cha kuhimili mlipuko: jiwe la kawaida 6, mchanga 0.5, maji 100. TNT ikishawashwa huacha kuwa bloku, nafasi yake hubaki wazi, na maji huingia humo kabla sekunde 4 za utambi hazijaisha. Mlipuko basi unaanzia ndani ya maji, nayo yanaumeza palepale. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba wakati wa kulipuka, pale ilipo TNT pana kitu kingine badala ya maji.

Mchanga ndio rahisi kuliko vyote, kwa sababu huanguka wenyewe. Chimba shimo la kina cha bloku moja na urefu wa bloku mbili. Upande mmoja weka TNT, kisha mchanga au changarawe juu yake. Upande wa pili, mwisho kabisa, tia bloku ya redistoni. Itaiwasha TNT mara tu inapogusana nayo. Mchanga utashuka na kuchukua nafasi ambayo maji yangeingia, na mlipuko utakwenda chini na pembeni ndani ya mwamba. Usiruke hatua ya shimo. TNT iliyosimama wazi juu ya sakafu, hata ikifunikwa mchanga, ina maji ubavuni kote, hivyo itachimbua chini yake tu.

Ukikosa redistoni, gumegume na chuma huwasha TNT hata majini. Swichi, vitufe na unga wa redistoni usihangaike navyo huko, maana maji huving'oa.

Kisha ondoka haraka. Maji yanaulinda mwamba, hayakulindi wewe: madhara hufika hadi umbali wa bloku 8. Ogelea ujifiche nyuma ya ukuta mgumu.

Mambo hubadilika unapotaka shimo kubwa. Mlolongo wa TNT zinazowashana, ambao nchi kavu hupendeza sana, baharini ni ubadhirifu. TNT iliyowashwa na mlipuko wa jirani hungoja kati ya nusu sekunde na sekunde moja na nusu, ilhali maji husogea bloku moja kila robo sekunde. Ya kwanza inalipuka, kidimbwi kinajaa, zilizobaki zinalipukia majini. Afadhali uchimbe handaki kavu chini ya sakafu ya bahari, uzibe kila panapovuja, upange TNT humo na kuziunganisha kwa unga wa redistoni ili ziwake zote kwa pamoja. Hapo unga unafaa, kwa kuwa handaki ni kavu.

Wenye toleo la Bedrock wana njia ya mkato. Wakiruhusu vipengele vya elimu katika mipangilio ya dunia yao, wanaweza kuchanganya TNT na sodiamu wakapata TNT ya majini, inayovunja bloku bila mchanga wala handaki. Mimi naiona inaondoa nusu ya utamu, ila kwa darasa la kemia ni somo zuri.

Pahala ambapo ujuzi huu unalipa hasa ni kwenye jumba la baharini. Walinzi wazee watatu wa humo hukutupia uchovu wa dakika 5, na ukuta wa prizmarini unakuwa kama hauchimbiki. TNT haichoki, na prizmarini ina kipimo cha 6 tu, sawa na jiwe. Ingia kwa kutoboa paa, kwa mtindo uleule wa mchanga, huku ukiwa na maziwa ya kunywa ili kuondoa uchovu wakati wa kuchimba shimo. Ukipata sponji ndani, zitumie kukausha chumba kimoja kimoja, kisha zikaushe kwenye tanuri uzirudishe kazini. Katika chumba kilichokauka, TNT inafanya kazi kama nchi kavu, nawe huna haja ya mchanga tena kuzifikia bloku 8 za dhahabu zilizofichwa katikati.