Somo: Birika la Chujio na Ladha ya Kahawa

Mkulima aionjaye kahawa yake hutambua kasoro zinazoshusha bei: ukakasi wa kahawa iliyochumwa mbichi, au uvundo wa kahawa iliyochachushwa kupita kiasi. Lakini birika likitumiwa vibaya huleta uchungu wake lenyewe, na shamba likalaumiwa bure.

Birika la chujio lina bomba la kati na kikapu chenye matundu. Maji yakichemka hupanda bombani, humwagikia kahawa iliyo kikapuni, hurudi chini na kupanda tena. Kwa kuwa maji yale yale hupita mara nyingi, moto ukizidi kahawa huwa chungu.

Katika kuchagua, lifaalo ni birika la chuma kisichoshika kutu, lenye kifuniko kinachobana na kirungu cha kioo kinachoonyesha rangi ya kahawa.

Utaratibu ni huu:

1. Kahawa isagwe chengachenga; unga laini hupenya matundu.
2. Maji baridi yasifikie kikapu. Kila kikombe kipewe kijiko kikubwa kimoja au viwili.
3. Kahawa ikianza kuruka kiooni, moto upunguzwe, zihesabiwe dakika 6 hadi 8.
4. Birika liepuliwe, na kikapu kitolewe kabla ya kumimina.
5. Vyombo vioshwe kila mara, kwani mafuta ya kahawa yakikaa huharibika.

Makatibu waonje pamoja na wanachama kahawa za mashamba mawili, zilizokaangwa na kupikwa kwa kipimo kimoja. Tofauti itakayobaki kikombeni si ya birika. Imetoka shambani au katika utayarishaji.